Kiingereza kisiwe kisingizio cha kuchelewesha tathmini

Mhariri,

Katika vikao vya shule ninavyofanyia ukalimani hapa Marekani, mzazi anayezungumza Kiswahili akilalamika kwamba mwanawe hasomi, mara nyingi huambiwa: "Tumpe muda, bado anajifunza Kiingereza." Mzazi anashukuru na kuaga. Mwaka unakwisha, mtoto bado hawezi kuunganisha silabi, na jibu ni lile lile.

Jibu hilo lina ukweli nusu, ndiyo maana linapita kirahisi. IDEA, sheria ya shirikisho kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu, inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Katazo hilo lina historia: kesi moja ya California iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 1970 ilihusu watoto wenye asili ya Mexico waliopimwa akili kwa Kiingereza, kisha wakapelekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Lakini hakuna mahali sheria inaposema mtoto asubiri Kiingereza kinyooke ndipo afanyiwe tathmini, yaani apimwe kama ana ulemavu unaomzuia kujifunza. Inataka apimwe kwa lugha na njia itakayoonyesha kwa usahihi anachojua na anachoweza, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri haiwezekani.

Na hapo mzazi ana ushahidi ambao shule haina. Mwalimu anamsikia mtoto kwa Kiingereza tu. Nyumbani anasikika kwa Kiswahili. Je, alichelewa kusema? Akitumwa vitu viwili, hurudi na kimoja? Anaweza kusimulia kilichotokea jana kwa mpangilio, au hata mdogo wake amemshinda? Shida ikionekana katika lugha zote mbili, Kiingereza pekee hakiwezi kubebeshwa lawama. Ikiwa ni Kiingereza tu kinachomsumbua, basi huenda kweli anahitaji msaada wa lugha na muda. Kusema "mtoto wangu ni mzito" hakumsaidii mtu. Mifano ndiyo inayosaidia.

Mifano hiyo iwekwe kwenye barua, maana mazungumzo ya mlangoni hayaachi alama. Haihitaji urefu: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, darasa, sentensi moja ya kuomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu, sababu, sahihi na tarehe. Ipelekwe kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya elimu maalumu ya wilaya, na mzazi abaki na nakala.

Shule ikikataa, lazima ieleze kwa maandishi sababu zake na taarifa ilizozitegemea. Ikikubali, italeta fomu ya ridhaa, na siku zinaanza kuhesabiwa fomu hiyo iliyosainiwa ikishapokelewa, si barua: siku 60 kwa sheria ya shirikisho, ingawa majimbo mengine yamejiwekea muda wao. Kwa hiyo fomu isilale juu ya friji. Wapo wanaoogopa kuisaini wakidhani mtoto atahamishwa darasa kesho yake. Sivyo. Ridhaa hiyo ni ya kupimwa tu. Huduma zenyewe zina ridhaa yake, na mzazi ana haki ya kuikataa. Tathmini ni bure. Wenye wasiwasi wa hati za uhamiaji nao wajue kwamba Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kuwa mtoto hawezi kuzuiwa kusoma shule ya umma kwa kukosa hati.

Mkalimani ni wajibu wa shule, naye asiwe mtoto. Nimeshuhudia mwanafunzi akimfasiria mama yake habari za alama zake mwenyewe. Unaweza kukisia zilivyopanda!

Kwa wakuu wa shule nina ombi dogo. Kabla ya kumwambia mzazi asubiri, muulizeni mzazi huyo jinsi mtoto anavyozungumza lugha ya nyumbani. Katika vikao nilivyokaa, swali hilo huja mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kukusanya karatasi, na mara nyingine haliji kabisa.

Mkalimani wa shule,
Marekani