Barua ya kufunga muhula: nyumba iliyopokea mwanafunzi mgeni

Kwa wazazi na walezi wote,

Yah: Kufunga muhula, na habari za familia zenye wanafunzi wageni

Salamu nyingi. Muhula umefika mwisho. Ripoti za watoto ziko tayari, mtazichukua kwa walimu wa darasa. Wenye salio la ada wanajijua, sitawataja. Tarehe ya kufungua, mambo ya sare na orodha ya vitabu vya maktaba ambavyo havijarudi vyote vimo kwenye karatasi ya pili. Hii ya kwanza nimeitenga kwa jambo moja, kwa sababu tangu tupate wanafunzi wa mpango wa kubadilishana, yaani watoto wa nchi nyingine wanaosoma hapa wakiishi na familia zetu, wazazi wamekuwa wakinisimamisha getini na kuniuliza: hivi huyo mtoto wa watu akikaa kwako mwaka mzima, nyumba inabaki vile vile?

Haibaki. Wengi huogopa chakula, lugha na dini, lakini hayo hupatiwa njia mapema kuliko mnavyodhani. Kinachoitikisa nyumba ni maswali. Kila familia ina sheria ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka: kiti kile ni cha nani, nani ndiye mwenye rimoti, nani akikasirika wote wananyamaza. Watoto wenu wamezaliwa wakazikuta, kwa hiyo hawaulizi. Mgeni anauliza, tena bila ubaya wowote, kwa kuwa anaogopa kukosea.

Mama mmoja alinisimulia kwamba binti waliyempokea aliuliza mezani kwa nini dada ndiye anayeosha vyombo kila jioni ilhali kaka zake wapo. Wakatazamana. Baba akaanza kueleza, akakwama katikati, akacheka. Wiki iliyofuata kulikuwa na karatasi ukutani jikoni, zamu ya kila mtu na siku yake, na Jumatano imeandikwa "Baba". Mama anasema vyombo vya Jumatano hukauka na povu, lakini vinaoshwa.

Wengine mmeniuliza kuhusu malipo. Hakuna. Mipango mikubwa ya aina hii, kama ile ya shirika la AFS na ya vilabu vya Rotary, hutegemea familia zinazojitolea, na Marekani kanuni zinakataza kabisa kuilipa familia inayompokea mwanafunzi wa sekondari wa mpango wa kubadilishana. Ukijua AFS ilivyoanza utaelewa kwa nini: mwaka 1915 walikuwa madereva wa kujitolea wa magari ya kubeba majeruhi vitani, na baada ya vita vya pili vya dunia, kuanzia 1947, wakageukia kubadilishana wanafunzi wa sekondari. Walikuwa wakitafuta amani, wakaona ianzie kwenye nyumba za watu wa kawaida. Mimi naongeza sababu yangu: anayelipwa ana mpangaji, na mpangaji hakaripiwi akichelewa kurudi. Mtoto hukaripiwa.

Ndiyo maana nawasihi msichelewe kumpa jembe siku ya tatu, kama wahenga walivyoagiza. Familia zilizomfanya mgeni kuwa mgeni kwa muda mrefu ndizo zilizochoka upesi. Mama anapika mara mbili, sebule haikaliwi, hakuna anayethubutu kugombana mbele yake. Nyumba gani inaweza kuishi hivyo mwaka mzima?

Ninalotaka mlifikirie zaidi ni watoto wenu wenyewe, maana wazazi ndio wanaokubali, lakini chumba kinachogawanywa ni cha mtoto. Kijana wetu mmoja alama zake zilianza kushuka, nikamwita. (Wazazi wake wameniruhusu kulisema hili.) Alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia, "Mwalimu, siku hizi nyumbani mgeni ni mimi." Ndugu yake mpya alikuwa mchangamfu, majirani wote wanamtaka, na babu aliyekuwa akimsimulia yeye hadithi sasa ana msikilizaji ambaye hajazisikia hata moja. Hakukuwa na mwenye kosa hapo. Baba yake aliposikia, alianza kutoka naye peke yake Jumamosi asubuhi, bila mgeni na bila wadogo zake. Wivu haukuisha wote, wala sidhani ni lazima uishe. Ndugu wa tumbo moja nao wanao. Ila kijana alianza tena kuleta kazi zake za nyumbani, na juzi nimewaona wote wawili wakibishana kuhusu mpira kama watu waliolelewa pamoja.

Kuna pia kipindi kigumu, na ni vizuri mkijue mapema. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, alieleza kuwa mtu akihamia ugenini huanza na furaha, kisha huja kukasirika na kulalamika, ndipo hutulia. Alikuwa akisema juu ya waliohama. Mimi naona wenyeji nao hupitia humo humo: mwanzoni picha kila siku, halafu ghafla hata namna anavyofunga mlango inakera. Kikifika, msikae nacho moyoni mkijiona wabaya. Mpigieni mratibu wa mpango, hiyo ndiyo kazi yake. Kubadilisha familia katikati ya mwaka si aibu. Rotary mara nyingi humpitisha mwanafunzi katika familia zaidi ya moja kwa utaratibu tu, pasipo ugomvi wowote.

Kwa familia ambazo wageni wao wanaondoka likizo hii: msishangae watoto wenu wakiwa wakali au wakijifungia chumbani wiki ya kwanza. Walimu wa darasa wameshaambiwa, watawaangalia shule itakapofunguliwa.

Wanaotaka kupokea mwanafunzi mwaka ujao wachukue fomu kwa karani. Mpango utafanya ukaguzi wake wa kawaida: watakuja kuiona nyumba, watazungumza na kila anayeishi humo, akiwamo bibi na mjomba aliyekuja kwa muda. Mwishoni mwa fomu nimeongeza mstari wa shule, mahali pa watoto wa nyumba hiyo kuweka saini zao. Fomu itakayoletwa bila saini zao nitairudisha.

Nawatakia likizo njema.

Wenu,
Mkuu wa Shule