Daraja likisombwa, tuulize habari za nguzo zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna magazeti yetu yanavyoripoti kuvunjika kwa madaraja. Kila yatokeapo mafuriko tunasoma kwamba mvua kubwa imesomba daraja, na habari huishia hapo, kana kwamba daraja lenyewe halina la kuulizwa.

Chukua kijiji kidogo cha Pooley Bridge, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, pale mto Eamont unapotoka katika ziwa Ullswater. Daraja lake la mawe lilijengwa mwaka 1764, nalo lilikuwa na matao matatu yaliyoegemea nguzo nene zilizosimama ndani ya maji. Desemba 2015 dhoruba iliyoitwa Desmond ilimwaga milimita 341 za mvua kwa saa 24 huko Honister, katika milima ya eneo hilohilo, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa nchini humo. Tarehe 6 daraja likaenda na maji. Mvua ilikuwa kubwa kweli, sibishi. Lakini nguzo zilizo mtoni huyabana maji, na maji yaliyobanwa huongeza kasi, hukwamisha magogo kwenye matao, na huchimba udongo ulio chini ya msingi huku anayepita juu na gari lake haoni dalili yoyote.

Daraja la muda liliwekwa Machi 2016, na la kudumu likafunguliwa Oktoba 2020, muda ambao kwa maoni yangu ni mrefu mno kwa kazi ya mita 40 hivi. Hata hivyo wahandisi hawakurudia kosa la wazee: wamejenga tao moja la chuma kisichoshika kutu, lenye kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo bila nguzo hata moja mtoni, ili mafuriko yajayo yapate pa kupitia.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mwandishi wako akitumwa kwenye daraja lililovunjika asiridhike na picha ya maji ya matope na maneno ya mkuu wa wilaya. Amuulize mhandisi wa barabara nguzo zilikuwa ngapi, misingi yake ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na kama daraja jipya litayaachia maji nafasi kubwa kuliko lile lililoanguka.

Wako msomaji,
Leeds, Uingereza