Mama yetu wa sauti ya pili: stenti inaisha muda, tunaomba tuchange tena

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, wana usharika na marafiki wote wa kwaya mlioko hapa Moshi, Arusha, Dar na kwingine. Naandika kwa niaba ya kwaya, na nianze na swali nililoulizwa pale Mbuyuni zaidi ya mara tano wiki hii, "si tulimchangia mwaka jana akafanyiwa operesheni, sasa hela ya nini tena?" Jamani ni swali la haki kabisa, mlitoa kwa kujinyima, mnastahili jibu.

Operesheni ya mwaka jana ilikuwa ya kutoa kifuko cha nyongo kilichojaa mawe na ilienda vizuri. Ila kuna mawe huwa yanachoropoka kwenye kifuko yanaingia kwenye mrija unaopeleka nyongo utumboni, na kwa mama yetu ndo kilichotokea, jiwe moja kubwa lilibaki humo bila kujulikana. Mrija ukiziba nyongo inarudi kwenye damu, macho yakawa manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe, na mwili unawasha mpaka usiku anajikuna na gunzi la mahindi, nimemkuta hivyo mwenyewe na nikatoka nje kulia. Watu wakasema mengi, mara amelogwa mara ini limekufa, akaletewa majani ya kuchemsha, tukapoteza wiki kadhaa. Kilichotushtua ni homa na kutetemeka, kumbe maambukizi yameshaingia kwenye mrija, na hayo yakicheleweshwa yanaua.

Hospitali ya rufaa walimpitisha kamera mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba, ndo hiyo wanaita ERCP, wakapanua mlango wa mrija wakajaribu kulivuta jiwe. Mawe mengi yanatoka kwa njia hiyo hiyo, lake likagoma, ni kubwa na chini yake mrija umebana. Wakamwekea stenti, kimrija cha plastiki cha kupitishia nyongo, na kweli macho yalirudi meupe, mlimwona Pasaka akiimba. Lakini ile stenti haikai milele wapendwa, baada ya miezi mitatu hivi inaanza kuziba yenyewe, na yake imebakiza wiki chache tu.

Sasa daktari anataka kumfanyia kolanjioskopi. Kwenye ile ya kwanza ndani ya mrija alikuwa anaona kivuli tu kwenye eksirei. Hii ni kamera nyembamba sana, milimita 3 na nusu hivi, inapita ndani ya ile kamera kubwa na kuingia kwenye mrija wenyewe, analiona jiwe kwenye skrini, analipiga kwa leza au cheche za umeme kwenye maji mpaka linapasuka vipande, anavitoa. Na pale palipobana anakata kinyama kidogo huku anapaona, kinaenda maabara, tujue ni kovu au ni kansa. Hilo la pili ndo linaninyima usingizi kuliko hata jiwe. Njia nyingine ni kupasua tumbo tena, na mama ana kisukari na presha, yaani sisi hatutamani kabisa arudi huko.

Sitawaficha, hata hii ina hatari zake, kongosho linaweza kuvimba au maambukizi yakarudi, ndio maana atapewa antibayotiki na atalazwa aangaliwe. Daktari ametueleza yote hayo na mama mwenyewe kasema yuko tayari.

Bima hana, anauza ndizi sokoni kama mnavyomjua. Kwaya na familia tumefikisha milioni 2 na laki 3, bado milioni 5 na laki 4, humo kuna kipimo, vifaa vyake, kulazwa na nauli ya yeye na binti yake. Vifaa vya hiyo kamera ndo vinakula sehemu kubwa.

Mchango unapokelewa na mweka hazina wa kwaya peke yake, namba yake ipo kwenye grupu, ukipigiwa na mtu mwingine yeyote usitume. Kila Jumatatu tutaweka orodha na risiti za hospitali. Jumapili hii baada ya ibada ya pili kuna mnada, hivyo mama zangu na baba zangu wa Kibosho, Old Moshi na Machame, kama hela hakuna leta mkungu wa mshare, kuku, mayai, hata maparachichi, vijana watakuwepo kanisani kupokea kuanzia Jumamosi saa kumi jioni.