Barua kwa mwanangu: usikubali injini ishushwe

Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana.

Ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza kwa makini. Ni tik-tik-tik nyepesi, gari likiwa sailensa (limesimama, injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta), na ukikanyaga mafuta inakwenda mbio pamoja na injini. Fundi amekwambia utafute injini nyingine. Usitafute, mwanangu. Kwa maelezo yako hakuchomoa hata kijiti cha oili, na mtu asiyepima oili hana haki ya kuihukumu injini.

Basi anza hapo. Egesha pahali tambarare, zima, subiri kama dakika tano oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, tapeti kule juu (vikombe vidogo vya chuma vinavyosukuma valvu, yaani milango ya hewa na moshi) zinakosa ulainisho na lazima zilie. Injini yako hiyo ya Toyota, 1NZ, ikimwagwa oili na kubadilishwa filta inakula lita 3.7, kwa hiyo ukipungukiwa na lita moja tu umepungukiwa na zaidi ya robo. Ongeza kidogo kidogo huku ukipima, usipitishe alama ya juu. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka wakati injini inanguruma, zima hapo hapo, hata kama uko njiani kwenda kazini. Gari livutwe.

Watakuja watu kukushauri utie oili nzito ili mlio ufe. Usitie. Tapeti za 1NZ ni chuma kitupu, hazijazwi oili kama za injini nyingine, na nafasi kati ya tapeti na kemshafti (mhimili unaozisukuma) iliyokwisha kupanuka hairudishwi na oili ya aina yoyote. Utapata ukimya wa muda na injini inayowaka kwa shida asubuhi za baridi za huko Dodoma.

Oili ikiwa sawa, kazi ya pili ni kujua mlio unatoka wapi. Wakati mzuri ni asubuhi kabla hujatoka, injini ikiwa imelala baridi. Vua mtandio, funga nywele, kaa mbali na mkanda na feni. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine uitembeze juu ya injini. Bisibisi ndefu nayo inafaa: ncha iguse chuma, mpini uguse mfupa wa nyuma ya sikio. (Stethoskopu ya wodini iache wodini.) Ukiigusisha kwenye injekta, zile zinazonyunyizia petroli, utasikia tik kavu kwenye kila moja ya zile nne, zikifanana. Hiyo ndiyo kazi yao, si ugonjwa. Injekta moja ikilia tofauti na wenzake, hiyo ndiyo ya kuangaliwa.

Kisha sikiliza pale manifodi ya bomba la moshi inapokutana na injini. Gasketi ya hapo ikipasuka, moshi hutoka kwa kupiga, na mtu huapa kuwa ni valvu. Dalili yake ni kwamba mlio ni mkali injini ikiwa baridi, unapungua ikipata moto kwa sababu chuma kinatanuka na kuziba mwanya. Utaona pia masizi meusi penye ufa. Hili usilicheleweshe hata siku moja, maana moshi huo unaweza kuingia ndani ya gari, na wewe muuguzi kaboni monoksaidi unaijua kuliko mimi. Plagi iliyolegea nayo hulia hivyo hivyo, na dawa yake ni kuikaza tu.

Mlio wa kuogopa ni mwingine kabisa. Ni mzito, ko-ko-ko, unatoka chini, na unazidi injini inapobeba mzigo. Hiyo ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na hapo ndipo injini hunoki, yaani hufa. Sikuusikia kwenye rekodi yako.

Mimi nadhani ni tapeti. Likithibitika hilo, mpate fundi mwenye fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kisha kaa hapo hapo akipima. Injini iwe baridi. Valvu za kuingizia hewa nafasi yake ni milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi ni 0.25 hadi 0.35. Akikwambia atazibana zote mpaka zinyamaze, ondoka na gari lako. Valvu yenye nafasi kubwa kidogo inapiga kelele lakini inafunga. Iliyobanwa mno haifungi vizuri, haipoi, inaungua bila kutoa sauti, na siku ukigundua kompresheni, nguvu ya silinda kubana hewa, imeshakwenda.

Injini hii haina skrubu za kuseti tapeti. Inabadilishwa tapeti yenyewe kwa nyingine yenye unene tofauti, na ili kuifikia lazima kemshafti zitoke, cheni inayozizungusha ikiwa imewekewa alama na tenshena, kile kikaza cheni, imefungwa isijitokeze. Ni kazi ya mtu mtulivu. Hesabu yake ni nyepesi: unene wa tapeti ya zamani, jumlisha nafasi aliyoipima, toa nafasi unayoitaka. Tuseme ni valvu ya kuingizia hewa, tapeti ya zamani ina milimita 5.40, amepima 0.32, unataka 0.20: utanunua ya 5.52. Zinauzwa kwa kupishana 0.02, basi chagua iliyo karibu. Na tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikishafunguliwa, gasketi yake iwe mpya, ya zamani itavuja.

Valvu ziko 16. Aandike nafasi za zote kwenye karatasi, silinda kwa silinda, kabla hajaagiza kitu, kisha unipigie picha ya hiyo karatasi. Nitapiga hesabu mimi mwenyewe jioni hiyo hiyo, na pesa ya tapeti nitakutumia.

Baba yako