Baba Bahati, usiuze parseli kwanza

Lubumbashi, Januari 2026

Ndugu yangu Baba Bahati,

Jambo. Jambo ya Mama Bahati, jambo ya watoto, jambo ya yule jirani yako asiyenyamaza. Huku tupo. Mvua haikati, barabara ya kwenda Katuba imegeuka mto, bukari na sombe havijakosa mezani, goti la Mama Mwamba ni lile lile. Pensheni tusiiongelee, nisije nikachafua karatasi.

Sauti uliyonitumia kwa WhatsApp nimeisikiliza mpaka mjukuu akanicheka. Ilikuwa inakatika, na ilikatika palepale ulipokuwa unataja bei ya parseli, kile kiwanja chenu. Ndiyo maana nimeshika kalamu kama zamani. Mtoto atapiga picha karatasi zote akutumie usiku. Mambo mengine ya huko kwenu Bukavu, tangu wenye bunduki waingie, siyaulizi kwa maandishi. Unanielewa.

Basi. Bahati, kijana wako, anataka muuze parseli ya Panzi, achukue makuta hayo, pesa yote, aje Kolwezi kwenye migodi afungue depo, nyumba ya kununua kobalti, madini ya betri, kwa wakreseri, wale wachimbaji wa mkono. Na ameniweka mimi kuwa shahidi wake, eti Baba Mwamba alikuwa mtu wa maabara, atamwonyesha njia. Njia ninayoijua mimi ni ya kutoka kwenye chupa ya asidi hadi kwenye karatasi ya matokeo. Ile ya kutoka kwenye gunia hadi kwenye dola wanaijua wengine, na hawamfundishi mgeni.

Kuna jambo moja amesema ambalo ni kweli: bei imepanda. Mimi habari hizi nazifuata, kwani nina kazi gani nyingine? Asubuhi redio, mchana telefone, jioni mabishano kwa Mzee Petelo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kobalti ilikuwa imeanguka vibaya sana. Mwezi wa pili serikali ikafunga: hakuna kusafirisha nje. Mwezi wa sita wakaongeza muda. Mwezi wa kumi wakafungua, lakini kwa kipimo, kila kampuni na fungu lake, na kwa mwaka huu wa 2026 nchi nzima haitakiwi kupita tani 96,600. Mwaka 2024 tulikuwa tumetoa kama tani 220,000. Wewe ulikuwa mwalimu, piga hesabu. Bei ikapanda zaidi ya maradufu.

Sasa hapo ndipo mimi na kijana wako tunapoachana. Yeye anaona bei, anasema dunia ina njaa ya kobalti. Mimi nasema bei imepanda kwa sababu mlango umefungwa. Hayo ni mambo mawili, na mtu anayeuza kiwanja cha baba yake lazima ajue anafuata lipi. Serikali siilaumu, kwa hili walifanya vizuri, tulikuwa tunawamwagia watu mali bure. Lakini yale mafungu wamepewa makampuni. Depo ya Bahati haina fungu. Atanunua magunia, atayapanga, atakaa chini kumngoja mwenye fungu aje ataje bei anayotaka. Na kisheria, tangu mwaka 2019 kobalti ya wakreseri inatakiwa inunuliwe na shirika moja la serikali, Entreprise Générale du Cobalt. Najua, najua, watu wananunua tu mchana kweupe. Siku mkubwa mmoja akiamka vibaya wanapiga kufuli, na magunia yanabaki ndani na makuta ya Panzi.

Halafu kuna Metorex. Bahati amekwambia habari ya Metorex? Ni ile mashine ndogo ya mkono, unaielekeza kwenye mawe, inatoa tenere, yaani kiasi kilichomo ndani: kobalti hii, shaba hii. Mkreseri analipwa kwa namba hiyo. Sisi maabarani tulikuwa tunasaga, tunayeyusha, tunapima shaba kwa dawa ya iyodidi na kobalti kwa dawa ya ferisianidi, na bado tulirudia kipimo kabla ya kuandika. Leo mtu anagusisha mashine juu ya gunia lenye maji, sekunde chache, ameshahukumu. Mashine yenyewe siyo mbaya, nisikudanganye. Inataka mawe makavu, yaliyosagwa, yaliyochanganywa, na inataka aliyeishika awe mtu mnyoofu. Hilo la mwisho ndilo halipatikani dukani. Wakreseri wote wanalia kwamba mashine za depo zinasoma chini. Kwa hiyo Bahati atachagua: awe mnyoofu, akose faida, au awe kama wale wengine, na mimi mtoto huyo nilimbeba mgongoni.

Ngoja nikueleze kuhusu mzee mmoja, maana nimemfikiria sana wiki hii. John Goodenough, Mmarekani. Mwaka 1980, akiwa Oxford, Uingereza, yeye na wenzake ndio walioonyesha kwamba kobalti ikikaa pamoja na lithiamu inafanya betri ya nguvu. Mwaka 1991 Sony wakaanza kuuza betri za namna hiyo, na kutoka hapo ni kamera, telefone, kompyuta, yote. Bila mzee yule Kolwezi isingekuwa na fujo hii tunayoiona. Sasa sikia. Miaka ya 1990 yuko Texas, yeye na watu wake wakatoa betri nyingine, ya chuma na fosfati. Kobalti ndani hamna, hata chembe. Haina nguvu sana kwa uzito wake, ndiyo, lakini ni rahisi, haishiki moto ovyo, inadumu. Wachina wakaichukua, wakaitengeneza vizuri, na mwaka 2024 karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa hizo. Mkono uleule uliotupa ndio unaotunyang'anya.

Na unajua walimpa Nobel akiwa na umri gani? Miaka 97! Mwaka 2019. Alikufa 2023 ana miaka 100. Nimemwambia Mama Mwamba asianze kugawa makoti yangu, mimi bado kijana.

Sisemi kobalti imekufa. Betri ya telefone yako ina kobalti, injini za ndege zina kobalti, magari mengine bado yanaitaka. Lakini mnunuzi akiona sisi tumefunga mlango, anafanya nini? Anaangalia chuma, chuma kiko kila mahali. Au anakwenda Indonesia, wao wanaitoa pamoja na nikeli, na sasa ni wa pili duniani nyuma yetu. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Uliza watu wa Kolwezi mwaka uliofuata ilikuwaje, waliokuwa wamejenga kwa mkopo.

Sisi watu wa huku tumeshaambiwa mara nyingi kwamba dunia haiwezi kuishi bila udongo wetu. Uraniamu ya mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikwenda Marekani, ikaingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945, na watu wa Likasi hawakuambiwa kitu. Shaba, mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 470,000, tukadhani hata wajukuu wetu watakula hapo. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na mashine zilikuwa zimekwisha kuchoka, na pesa za kununua vipuri zilikwenda zilikokwenda, na kufikia 1994 hata tani 50,000 hazikufika. Dunia haikuacha kutaka shaba. Ilikwenda kuinunua Chile, basi.

Leo shaba imerudi, sisi ni wa pili baada ya hao hao Chile, na hiyo ndiyo ningeiamini kuliko kobalti, kwa sababu hakuna waya bila shaba, hakuna gari la umeme bila shaba, na yale majumba makubwa ya mashine za akili bandia yanakula umeme usiku na mchana. Lakini shaba si biashara ya mtu mwenye parseli moja.

Umenikumbusha akili bandia. Mjukuu anayo kwenye telefone, ile ChatGPT, anaiuliza kila kitu, hata kazi za shule, na mwalimu wake sijui kama anajua. Nikasema ngoja nimpime bwana huyu. Nikamuuliza namna ya kupima kobalti kwa ferisianidi. Akajibu sawasawa: amonia, sitrati, elektrodi, hatua kwa hatua. Nikafurahi, nikavuta kiti. Nikamuuliza nani alikuwa mkuu wa maabara yetu miaka ile. Akanitajia Mbelgiji, akanipa mji aliozaliwa, akamsifu kwa tabia njema. Baba Bahati! Mkuu wetu alikuwa Ya Gaston, unamjua mwenyewe, na tabia njema hakuwa nayo. Mwisho nikamuuliza bei ya kobalti mwakani. Akasema inaweza kupanda, inaweza pia kushuka, inategemea. Hilo Mzee Petelo anatuambia kila jioni bila kula mega za intaneti za mtu.

Kwa hiyo Bahati akikuletea karatasi ndefu yenye vichwa vya habari na asilimia, eti ni mpango wa biashara, muulize nani ameiandika.

Na ile video uliyonitumia, ya yule mkubwa anaongea Kiswahili kilichonyooka kuhusu mji wenu, ifute. Ni ya kutengenezwa. Tazama meno yake anapofunga mdomo. Siku hizi ukitaka habari ya kweli bora umpigie mtu aliye palepale. Tarehe 4 Disemba walitia sahihi ya amani Washington, Tshisekedi wetu na Kagame wa Rwanda, Trump katikati. Tarehe 10 Uvira, hapo jirani yenu, ikaanguka mikononi mwa wenye bunduki walewale. Sisi kwa Mzee Petelo tulikuwa bado tunabishana nani alivaa suti nzuri. Niishie hapo.

Habari moja nzuri tuliyokuwa nayo ni yule shabiki wetu wa mpira huko Moroko, kwenye Kombe la Afrika, aliyesimama mchezo mzima kama sanamu ya Lumumba, mkono juu, hapepesi. Algeria wametutoa, lakini yule mtu hakuna aliyemtoa. Mimi na goti langu nisingefika hata nusu ya kwanza.

Turudi kwa kijana. Ametaja mgodi wa Kalando kwenye mazungumzo yenu? Novemba iliyopita, hapo Lualaba, jimbo la Kolwezi, watu walikimbia kwenye daraja la kupita juu ya shimo, likavunjika, angalau 32 walikufa. Bahati atasema yeye ni mnunuzi, hashuki shimoni. Sawa. Lakini mizigo ya namna hiyo ndiyo itakayofika mlangoni kwake.

Mawazo yangu ni haya, na uyachukue kama ya mtu asiye na mtaji. Bahati alisoma umeme, siyo? Huku Lubumbashi umeme unakatika mpaka tumesahau ratiba. Kila mwenye uwezo kidogo anaweka sahani za jua juu ya nyumba na betri ndani. Na betri hizo, usicheke, ni zile zile za chuma za mzee Goodenough, zinatoka China, zimejaa madukani mjini. Wanaozifunga wengi ni watu wa kubahatisha. Kwa kina Mama Sifa walizifunga vibaya, friji ikaungua na nyama ya sikukuu. Fundi anayejua kusoma karatasi ya mashine, anayejua kupima kabla ya kuwasha, anakula hapa. Chumba cha nyuma kiko wazi tangu Mwamba aoe. Aje na vyombo vyake, parseli ibaki. Akikaa mwaka mmoja na bado anaiota Kolwezi, tutakwenda naye kwa basi kuangalia, nitamwonyesha Metorex kwa macho yake, nitakaa naye kwenye benchi la depo asubuhi nzima asikie zile kelele.

Usimwambie kwamba nimekataa. Mwambie nimesema aje kwanza. Unajua alivyo, ukimwambia hapana anakwenda usiku.

Sasa nijibu, tena kwa maandishi, siyo kwa sauti. Parseli ni bei gani hasa? Mnunuzi ni nani, ni mtu wa hapo au ametoka mbali? Muhuri wa nani utakaa kwenye hiyo karatasi ya kuuza, na huo muhuri utakubaliwa miaka ijayo? Benki huko zimefungwa bado? Kama zimefungwa, pesa zote hizo zitasafiri vipi, mfukoni? Na Bahati mwenyewe atapita wapi mpaka afike Kasumbalesa, mpakani na Zambia? Mama Bahati anajua mpango huu, au mmeufanya ninyi wanaume wawili tu? Diploma ya Bahati ni ya umeme wa nyumba au wa viwanda? Na yule binti wa Nyamugo, bado wako pamoja? Kama bado, muulize binti kwanza, nadhani ana akili kuliko sisi sote.

Mama Mwamba anauliza kama Mama Bahati bado anayo ile dawa ya goti ya majani. Jina lake amelisahau, anasema ilikuwa inanuka.

Ndugu yako,
Baba Mwamba