Mjusi dola 40, usafiri dola 55: wizi uko wapi?

Ujumbe wa juzi haukuwa hata na salamu. "Mjusi dola 40, kumsafirisha dola 55? Huu ni wizi." Kila baridi ikianza naupata huo huo. Wazazi wengine huongezea: kwetu mijusi kafiri wamejaa ukutani bure, huyu wa kulipiwa ana nini? Huyu ninayemuuza ni geko chui, asili yake nchi kame za Pakistan na Afghanistan, na watoto wetu waliozaliwa huku Marekani wamempenda. Kuchekwa nimezoea. Neno "wizi" ndilo linaloniuma.

Sehemu kubwa ya hiyo 55 inakwenda kwa kampuni ya usafirishaji, boksi litoke leo jioni lifike kesho asubuhi. Inayobaki ni boksi lenye kuta za povu gumu jeupe, kikopo chenye matundu, karatasi ya jikoni yenye unyevu kidogo tu, na pakiti ya joto ya saa 40. Mikono yangu sijaihesabu. Siku mbili kabla ya safari mjusi halishwi, na kuna mteja alinishutumu kwamba namtesa kwa njaa. Jamani, ule mkia mnene ndio ghala lake la mafuta! Siku mbili hazimtikisi. Ila akipigwa na baridi ana nyenje tumboni, hawezi kuwasaga, wanamwozea humo humo.

Njia ya mkato wanayoipenda wateja ni posta ya siku tatu. Ni kweli, posta ya Marekani inapokea mijusi midogo isiyo na madhara. Nyoka na kobe ndio hawapokewi. Lakini siku tatu zile ni makadirio, na pakiti ya saa 40 haijui makadirio.

Kaka mmoja alikuwa anahama kutoka hapa Texas kwenda Minnesota, tena Januari. Akaja kuuliza bei ya kufungiwa mjusi wake, akaona ghali, akamfunga mwenyewe. Pakiti ya joto akaiweka chini ya kikopo, kisha akazungusha selotepu boksi zima pasibaki hata upenyo. Pakiti hizi ndani zina unga wa chuma, na hupata moto kwa kuvuta hewa. Basi kwanza ilimuunguza mjusi tumbo, halafu hewa ikaisha, ikazimika, baridi ikamalizia. Mwezi wa nne kaka akanunua mwingine kwangu, akalipa 40, akalipa na 55. Sikumwambia neno. Zangu nazibandika chini ya mfuniko, mbali na kikopo, na boksi nalitoboa.

Tena Alhamisi na Ijumaa situmi, hata kama Jumamosi mtoto anakata keki. Boksi likikwama mwisho wa wiki linalala ghalani mpaka Jumatatu. Na utabiri ukionyesha chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, au zaidi ya 90, kwangu au kwako, nasubiri. Mama mmoja alisubiri wiki tatu, kila siku ananiita tapeli. Mjusi alipofika alinitumia picha yake akiwa begani kwa mwanawe, bila maandishi. Nilimwelewa.

Boksi lifuate mwenyewe kituoni kwa kampuni ya usafirishaji. Ukitaka liletwe mlangoni litaachwa barazani kwenye theluji, nawe umelala baada ya shifti ya usiku. Likichukuliwa kituoni na mjusi akakutwa amekufa, nitumie picha ndani ya saa mbili, pesa yako narudisha yote, usafiri pamoja.

Na wale mnaoniomba niandike "nguo" juu ya boksi ili lipite kwa bei ya nguo: sheria ya Lacey, ile ya Marekani ya biashara ya wanyamapori, inataka jina la kitaalamu la mnyama na idadi yake vionekane nje. Langu litaandikwa Eublepharis macularius, 1.