Mabadiliko ya Jumamosi, someni tafadhali

Mko poa wadau? Ile ziara ya Jumamosi tumeiahirisha, mvua hii na nauli za matatu hazitaki mchezo, kwa hivyo tutaingia makumbusho kupitia simu.

1. Saa nane mchana, karakana ya Buruburu. Saa nane ya kweli jameni, sio ile yetu 😄
2. Shilingi 150 kila mtu, ya chai na intaneti, ifike kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
3. Mwenye laptopu aje nayo na chaja.

Tunaanza na makumbusho ya V&A ya London, tovuti yao ina rekodi zaidi ya milioni moja na kuangalia ni bure. Mafundi wa mbao tafuteni Great Bed of Ware, kitanda cha mwaloni cha miaka ya 1590, upana wake zaidi ya mita 3, vuta picha karibu uone vile wageni walichonga herufi za majina yao kwa mbao, yaani hata huko adabu ilikuwa shida. Washonaji, zulia la Ardabil la Iran, 1539-40, muangalie zile taa mbili za kwenye pambo lake hazitoshani. Halafu makumbusho ya Met ya New York, tangu 2017 picha za kazi zisizo na hakimiliki unapakua na kutumia hata kwa biashara, hiyo ndio ya maana kwetu.

Kila mtu aje na pambo moja angependa kujaribu.

Andika NAKUJA hapa kabla ya kesho saa tatu usiku ndio nijue ninunue maziwa ngapi.